Erhu kutoka kwenye boksi hadi jukwaani: mwongozo kamili kwa anayeanza

Erhu ni fidla ya Kichina yenye nyuzi mbili, na singa za upinde wake hupita katikati ya nyuzi hizo. Upinde hauondoki kwenye chombo. Ukitaka uzi wa nje unausukuma mbele, ukitaka wa ndani unauvuta kuelekea tumboni. Aliyezoea fidla ya taarabu, au orutu ya Waluo yenye uzi mmoja, atafahamu mengi mara moja, ila kuna mawili yatakayomsumbua: hakuna ubao wa kukandamizia uzi, na upinde hauinuliwi kubadilisha uzi.

Anayeanza hukimbilia vidole vya mkono wa kushoto, kwa kuwa humo ndimo anamoona nota. Acha kwanza. Sauti ya kukwaruza ya miezi ya mwanzo hutoka kwenye kidaraja kilichokaa vibaya, rozini (utomvu mkavu unaopakwa singa ili zishike uzi) isiyotosha na mkono wa kulia usiojua uzito wake. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye kufunga chombo na kwenye upinde kabla ya kugusa do-re-mi.

Sehemu za chombo

Majina ya Kichina yajue, kwa sababu ndiyo utakayotumia ukiagiza vipuri. Kisanduku cha sauti kinaitwa qintong. Ni cha mbao, mara nyingi chenye pembe sita (mtindo wa Suzhou) au nane (mtindo wa Beijing), urefu wake ni kama sentimita 13, na mbele kimewambwa ngozi ya chatu. Nyuma kiko wazi, kimezibwa na nakshi ya mbao tu, na sauti hutokea pande zote mbili. Mpini mrefu unaopenya kisanduku ni qingan. Erhu nzima ina urefu wa sentimita 80 na kitu. Juu kuna vigingi viwili, qinzhen: cha juu ni cha uzi wa ndani, cha chini ni cha uzi wa nje. Usivichanganye, maana nyuzi zitapishana na upinde hautapita.

Kidaraja kidogo cha mbao kinachokaa juu ya ngozi ni qinma. Chini yake hubanwa kipande cha sponji au kitambaa kizito kinachozuia mlio wa chuma. Kamba iliyozungushwa mpinini na kuzivuta nyuzi zote mbili ni qianjin. Hiyo ndiyo inayoamua uzi wako unaanzia wapi, kwa hiyo usiichukulie kama pambo. Upinde ni wa mwanzi wenye singa za mkia wa farasi na skrubu ya kukazia upande wa kushikia.

Kununua bila kujuta

Mbao za erhu nzuri ni nzito na kavu. Ila kwa chombo cha kwanza kinachopandisha au kushusha sauti ni ngozi kuliko mbao. Angalia magamba ya chatu: yawe makubwa, yenye ukubwa unaokaribiana, yasiwe na kovu wala eneo lililokunjamana pembeni. Bonyeza katikati kwa gumba. Ngozi iwe imekaza lakini irudishe kidole taratibu. Ikilegea kama kitambaa, sauti itakuwa ya kohozi. Ikiwa ngumu kama bati, huenda ikapasuka ukiifikisha mahali pakavu. Chungulia maungio ya kisanduku mbele ya mwanga uone kama kuna ufa, kisha tazama mpini kwa jicho moja kutoka juu kama unavyotazama mbao iliyopinda.

Vigingi ni vya aina mbili. Vya mbao hushika kwa msuguano. Vya gia huzunguka kwa meno ya chuma kama vya gitaa, na kwa anayeanza asiye na mwalimu karibu, hivi vya gia vinapunguza nusu ya hasira. Hakikisha kwenye boksi kuna seti ya pili ya nyuzi, kidaraja cha akiba, rozini na kasha gumu.

Jambo la sheria halina mzaha. Karibu chatu wote wamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea, na Tanzania, Kenya na Uganda zote ni wanachama. Erhu yenye ngozi ya chatu ikivuka mpaka huhitaji vibali. Muuzaji wa China anapaswa kukupa karatasi zake, na wewe uulize mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako kabla ya kulipa, maana ofisa wa forodha hataisubiri karatasi iliyoachwa Shanghai. Kama hutaki shida hiyo, tafuta erhu yenye utando wa kutengenezwa. Okestra ya Kichina ya Hong Kong ilibuni familia nzima ya vyombo vya aina hiyo kwa utando wa poliesta na inavitumia jukwaani. Kwa mtu anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja utando huo una faida ya pili: haulegei kwa unyevu wa bahari.

Kufunga chombo, hatua kwa hatua

Erhu nyingi husafirishwa kidaraja kikiwa kimetolewa na nyuzi zimelegezwa. Tenga saa nzima, kaa kitini, weka taulo mapajani.

Kwanza, hakikisha singa za upinde ziko kati ya nyuzi mbili. Tazama kutoka upande wa ngozi: uzi mnene (wa ndani) uwe upande wa mwili wako, kisha singa, kisha uzi mwembamba (wa nje), kisha mti wa upinde. Kama muuzaji alitoa nyuzi zote, fungia uzi wa ndani kwenye ndoano iliyo chini ya kisanduku, upandishe hadi kigingi cha juu, pitisha singa, ndipo ufunge uzi wa nje. Ukisahau, utafungua kila kitu na kuanza upya.

Pili, kaza nyuzi zote mbili kidogo tu, kiasi cha kuzinyoosha. Usifikie sauti bado.

Tatu, ingiza kidaraja. Inua nyuzi kwa kidole, telezesha qinma chini yake hadi katikati ya ngozi, miguu yake ikae bapa. Kila uzi ukae kwenye mfereji wake. Kidaraja kikipendelea upande mmoja, uzi mmoja utalia na mwingine utanung'unika. Usiiburuze miguu ya kidaraja juu ya ngozi huku nyuzi zimekaza, maana itaikwaruza. Legeza, sogeza, kaza.

Nne, weka kizuizi cha sauti. Kata kipande cha kitambaa kizito cha sufu au sponji laini, upana wa sentimita 2 hivi, na ukibane kati ya nyuzi na ngozi, chini kidogo ya kidaraja. Hata upande laini wa sponji ya kuoshea vyombo unafaa kwa kuanzia. Kikiwa kinene mno, erhu itasikika kama imefunikwa blanketi. Kikiwa chembamba mno, utasikia mlio mkali wa bati, na baadhi ya nota zitatetemeka zenyewe. Mtetemo huo Wachina huuita langyin, sauti ya mbwamwitu. Usitafute unene kamili siku ya kwanza, utarudi hapa baadaye.

Tano, na hapa usiwe na haraka, funga qianjin. Weka kiwiko cha mkono wa kushoto juu ya kisanduku, mkono umenyooka sambamba na mpini. Mahali linapofika shina la kidole cha mwisho ndipo qianjin inapokaa. Kwa mtu mzima, umbali kutoka hapo hadi kidaraja hutoka kwenye sentimita 38 hadi 42. Chukua uzi imara wa pamba au nailoni, urefu wa mita moja. Funga kitanzi mpinini, kisha zungusha ukijumuisha mpini na nyuzi zote mbili, mara 8 hadi 12, mizunguko ikilalia pamoja bila kupandana. Vuta taratibu ili nyuzi zikaribie mpini, zibaki kama sentimita 1.5 hadi 2 kutoka kwake. Zikikaribia sana, vidole havitakuwa na nafasi ya kuingia. Zikiwa mbali sana, kila unapobonyeza sauti itapanda na kidole kitachoka. Funga fundo, halafu uhakikishe nyuzi zote mbili zimeshikwa sawasawa.

Sita, pima kutoka qianjin hadi kidaraja kwa rula na uandike namba hiyo kwenye kifuniko cha kasha. Utaihitaji tukifika kwenye vidole.

Kutuni

Uzi wa ndani ni D, uzi wa nje ni A. Kwenye programu ya kutunia simuni ziandikwe D4 na A4, yaani A ya 440 (mitetemo kwa sekunde). Ukiona A3 uko oktava moja chini, endelea kupanda. Ukiona uzi mwembamba umevuka A4 na bado unakaza, simama, unaelekea kuukata. Okestra nyingi za Kichina hutuni kwa 440 au 442, kwa hiyo ukialikwa kwenye kundi uliza kabla ya kuketi.

Anza na D, panda A, kisha rudi D, kwa sababu kukaza uzi mmoja hubadilisha mvutano wa ngozi na uzi mwingine hushuka. Rudia hadi zote zisimame. Kigingi cha mbao kinachoteleza husukumwa ndani huku ukikizungusha. Kikiendelea kuteleza, kitoe, upake chaki kavu kwenye sehemu inayoingia shimoni, urudishe. Nyuzi mpya za chuma hunyooka kwa siku mbili tatu na zitakusumbua mchana kutwa. Hilo halina dawa isipokuwa kutuni tena.

Ziko nyimbo zinazotaka utuni wa namna nyingine. Ile kazi maarufu ya Abing, mpiga erhu kipofu wa Wuxi iliyorekodiwa mwaka 1950, hupigwa kwa nyuzi nene zilizotuniwa chini, G na D. Usijaribu kuzilegeza nyuzi zako za kawaida hadi huko. Zitalala na chombo kitakuwa hakina sauti.

Rozini

Upinde mpya hautoi sauti yoyote, na wengi hudhani wamenunua chombo kibovu. Singa mpya ni laini, zinateleza. Paka rozini ya fidla pande zote mbili za singa, kwa kuwa upande mmoja hugusa uzi wa ndani na mwingine wa nje. Mara ya kwanza piga mara 40 au 50 kila upande, ukibonyeza kwa kiasi na usiache sehemu ya mwisho karibu na mkono. Baada ya hapo mara 5 hadi 10 kwa siku zinatosha. Ukiona unga mweupe unaruka kila ukipiga, umezidisha. Unga huo ukikaa kwenye ngozi na juu ya kisanduku huganda, hivyo pangusa kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Maji na sabuni visifike kwenye ngozi.

Kukaa na mkono wa kulia

Keti mbele ya kiti, mapaja yakiwa sambamba na sakafu, miguu imetua. Weka kisanduku juu ya paja la kushoto karibu na kinena, ngozi ikielekea kulia na mbele kidogo. Mpini usimame, ukiinamia mbele kwa digrii chache tu. Ukiona erhu inateleza kuelekea gotini, kiti ni cha chini mno au suruali ni ya kitambaa cha kuteleza. Kipande cha mpira kilichowekwa chini ya kisanduku kinatatua.

Upinde hushikwa kama vijiti vya kulia chakula. Mti wake ulale kwenye pingili ya chini ya kidole cha shahada, gumba likae juu yake limepinda kidogo. Cha kati na cha pete viingie katika uwazi kati ya mti na singa: cha kati kiguse mti na singa, cha pete kiguse singa. Cha mwisho kipumzike. Kiganja kielekee juu nusu. Skrubu ikaze singa kwa kiasi cha kubakiza ulegevu, si kukaza kama fidla ya Kizungu, maana vidole viwili hivyo ndivyo vinavyokaza singa wakati wa kupiga.

Uzi wa nje: gumba na shahada vinasukuma mti mbele, singa zinaegemea uzi mwembamba. Uzi wa ndani: cha kati na cha pete vinavuta singa kuelekea mwilini. Singa zipite juu kabisa ya kisanduku zikikigusa kidogo, zikikata nyuzi kwa pembe ya mraba. Upinde ukipanda angani hata sentimita moja, sauti huvunjika.

Kwa wiki mbili za kwanza piga nyuzi wazi tu, bila kidole hata kimoja cha kushoto. Washa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Vuta upinde kulia kwa mapigo 4, kutoka mkononi hadi nchani, kisha usukume kushoto kwa mapigo 4. Kwanza dakika 5 uzi wa nje, halafu 5 uzi wa ndani. Wiki ya pili ongeza hadi mapigo 8 kwa kila mvuto. Kuvuta huanza na kiwiko, kifundo cha mkono kinafuata. Mwishoni mwa mvuto kifundo hugeuka kwanza ndipo mkono urudi, na hapo ndipo mgeuko wa upinde unapokosa kusikika. Wapigaji wakubwa hushughulikia mgeuko huo maisha yao yote. Usione aibu kutumia dakika kumi juu yake.

Sikiliza sauti tatu ukizivuta. Mlio mwembamba wa mluzi: uzito mdogo mno, au rozini imeisha upande huo. Mkwaruzo: umebonyeza kupita kasi ya upinde, ongeza kasi kabla ya kupunguza uzito. Nyuzi mbili zikilia pamoja: vidole vya singa havijaamua, au singa zimelegea mno. Uzi wa ndani ndio utakaokuchelewesha, kwa sababu vidole viwili vidogo ndivyo vinaubeba. Upe muda zaidi ya wa nje.

Mkono wa kushoto

Mpini ukae kwenye uwazi kati ya gumba na shahada, chini kidogo ya qianjin. Gumba halibani, limetulia tu. Vidole vinashuka juu ya nyuzi zote mbili kwa ncha, vikiwa vimejikunja. Bonyeza kiasi cha kuusimamisha uzi, si kiasi cha kuufikisha mpinini. Hapa hakuna ubao wa kukuzuia, hivyo kila gramu ya ziada hupandisha sauti. Vidole vya mtu mwenye nguvu hupiga juu ya sauti mwezi mzima kabla hajagundua.

Sasa chukua ile namba uliyoandika. Tuseme kutoka qianjin hadi kidaraja ni sentimita 40. Kihesabu, kidole cha kwanza kiko sentimita 4.5 kasoro kidogo kutoka qianjin, cha pili 8.3, cha tatu 10, na cha nne 13.3. Hizo ni nafasi za skeli (ngazi ya nota) ya D. Zitumie kama ramani ya kuanzia tu. Kwa sababu kubonyeza huvuta uzi na kupandisha sauti, mahali pa kweli ni juu kidogo ya hapo, milimita chache kuelekea qianjin. Umbali wako ukiwa 38 au 42, zidisha kwa uwiano. Unaona kwamba cha pili na cha tatu vimekaribiana, na cha kwanza na cha pili vimetengana: hiyo ndiyo tofauti ya nusu sauti na sauti nzima. Usibandike stika mpinini. Jicho likizoea stika, sikio halifanyi kazi.

Uzi wa ndani unatoa D wazi, kisha E, F kali (F#), G, na cha nne ni A. Uzi wa nje unatoa A wazi, B, C kali (C#), D, E. Mpangilio wa vidole ni uleule pande zote mbili, na ndiyo raha ya skeli ya D kwa anayeanza.

Kuna vipimo vitatu visivyohitaji simu. Cha nne cha uzi wa ndani kilingane na uzi wa nje ulio wazi. Cha tatu cha uzi wa nje kiwe oktava ya uzi wa ndani ulio wazi. Cha nne cha uzi wa nje kiwe oktava ya kidole cha kwanza cha uzi wa ndani. Visipolingana, sogeza kidole, usisogeze qianjin. Kipimo cha nne ni cha chombo chenyewe: gusa uzi bila kubonyeza mahali pa nusu kamili, sentimita 20 kwenye mfano wetu, upige upinde. Italia sauti nyororo ya juu inayoitwa fanyin. Ikilia mbali na nusu, kidaraja chako kimesogea.

Ukimaliza skeli ya D, nenda G. Kwenye uzi wa nje cha pili kinapanda kukutana na cha kwanza. Kisha F, ambapo cha kwanza cha uzi wa nje kinapanda karibu kabisa na qianjin. Skeli hii ya F inaumiza kiganja cha anayeanza, iache hadi mwezi wa tatu.

Mtetemo, rouxian, usiuguse kabla nota haijatulia bila mtetemo. Ni wa aina tatu: wa kuviringisha kidole (gunrou), unaotumika zaidi, wa kubonyeza na kuachia (yarou), wa kilio, na wa kutelezesha (huarou). Anza na wa kuviringisha, polepole, mara mbili kwa kila pigo la 60, kisha tatu, kisha nne. Mtetemo unaotoka kwenye kidole peke yake hukakamaa. Uanze kwenye kifundo cha mkono.

Nota za Kichina na sikio la kwaya

Hapa msomaji wetu ana mtaji. Wapiga erhu wengi husoma jianpu, nota za tarakimu: 1 ni do, 2 re, 3 mi, hadi 7. Aliyeimba kwaya kwa sol-fa ya herufi d r m f s l t anaijua tayari, kwa sababu do inahama vilevile. Juu ya karatasi utaona 1=D, yaani do iko D. Nukta juu ya tarakimu ni oktava ya juu, nukta chini ni ya chini. Mstari mmoja chini ya tarakimu hugawa pigo nusu, miwili hugawa robo. Kistari baada ya tarakimu huongeza pigo moja, na 0 ni kimya. Alama za upinde ni zilezile za fidla: kisanduku kilicho wazi chini ni kuvuta, V ni kusukuma.

Utakutana pia na maneno kama "uzi 1 5". Maana yake uzi wa ndani wazi ni 1 na wa nje ni 5, yaani skeli ya D. Uzi 5 2 ni G, uzi 6 3 ni F. Imba mstari kwa do-re-mi kabla ya kuupiga. Usichoweza kukiimba, vidole havitakipata, na kwenye erhu hakuna kinachokufichia.

Mazoezi ya kufuata mwalimu wa kweli yapo tangu Liu Tianhua (1895–1932), aliyeitoa erhu kwenye nafasi ya chombo cha kusindikiza akaiingiza darasani kama chombo cha pekee. Aliacha mazoezi 47 na nyimbo 10 za erhu, na shule nyingi bado hupitia humo. Baada ya miezi sita ya kazi ya kila siku, kipande chake cha polepole cha mwaka 1928, Liang Xiao, ni lengo la haki: hakina kasi ya kukuficha, kinataka upinde mrefu na sauti safi.

Kwa siku, nusu saa yenye utaratibu inashinda saa mbili za Jumamosi. Dakika 10 nyuzi wazi, 8 skeli moja kwa mapigo ya 60, 10 wimbo, na 2 za mwisho kupangusa na kulegeza. Ukiumwa kiwiko au gumba, simama siku hiyo. Maumivu ya gumba la kulia karibu kila mara ni upinde uliobanwa.

Kuutunza mwili wa chombo

Pwani unyevu huilegeza ngozi na sauti huwa nzito. Bara, Nairobi au Dodoma wakati wa kiangazi, ngozi hukaza na inaweza kupasuka pembeni. Usiiache erhu ndani ya gari wala dirishani penye jua. Pakiti za kunyonya unyevu kwenye kasha zinafaa pwani. Bara, ziondoe. Baada ya kupiga, ingiza penseli fupi kati ya nyuzi na ukingo wa juu wa kisanduku ili nyuzi zisizidi kuikandamiza ngozi, na ulegeze skrubu ya upinde. Kwa safari ndefu toa kidaraja kabisa. Nyuzi zinazotumika kila siku hupoteza uhai kati ya miezi mitatu na sita: uking'amua fanyin haziko safi tena, badilisha zote mbili pamoja.

Ile sauti ya mbwamwitu ikibaki baada ya kila kitu kukaa sawa, fuata utaratibu huu na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badili unene wa kizuizi. Kisogeze karibu na kidaraja, halafu mbali. Pandisha kidaraja milimita mbili kuelekea mpini. Jaribu kidaraja kingine cha mti tofauti. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua kilichoponya.

Jukwaani

Fika nusu saa mapema. Taa za jukwaa hupasha ngozi moto na utuni hupanda au kushuka, hivyo kaa chini ya taa dakika kumi kabla ya kutuni mara ya mwisho. Maikrofoni iwekwe kama sentimita 30 hadi 50, upande wa ngozi, juu kidogo ya kisanduku. Ukiisogeza karibu zaidi itachukua mkwaruzo wa singa kabla ya sauti. Ukiwa na kibodi au kundi lenye ngoma, omba mtu wa mitambo apunguze sauti za juu kabisa badala ya wewe kubonyeza upinde.

Ukipiga ndani ya okestra ya Kichina, erhu hukaa mahali pa fidla za kwanza na za pili. Juu yenu kisauti kuna gaohu iliyotuniwa G na D za juu, chini kuna zhonghu, zote mbili za jamii ya erhu. Fuata upinde wa kiongozi wa sehemu yenu: mkivuta wote mnavuta, mkisukuma wote mnasukuma. Kwenye kasha la jukwaani beba uzi wa nje mmoja wa ziada, maana ndio unaokatika, kidaraja cha pili, kipande cha rozini, penseli na uzi wa qianjin wa mita moja. Uzi ukikatika katikati ya wimbo usiubadilishe hapo hapo. Mwenzako wa pembeni aendelee, wewe toka nyuma ya pazia, funga mpya, tuni mara tatu kwa sababu utashuka, ndipo urudi.